Shelfu ya Chini

Jumamosi, 2 Agosti

Nimepima stoo tena. Mara ya tatu wiki hii. Upana mita moja na themanini, kwenda ndani mita moja na ishirini, juu mbili na nusu. Hazibadiliki. Napima tu. Kupima kunanituliza.

Tatizo ni kina. Shelfu za sasa zina sentimita sabini kwenda ndani. Aliyezipiga alidhani nyumba hii itatunza magunia ya korosho. Mkono wangu haufiki nyuma mpaka nipige magoti na kuingiza kichwa. Kinachosukumwa nyuma kinasahaulika. Leo nimetoa maharage yaliyotobolewa yote, unga uliofanya ukungu, paketi tatu za chumvi iliyogeuka jiwe, dumu la mafuta ya mwaka juzi.

Na sahani. Shelfu ya chini, nyuma kabisa, imegusa ukuta. Sahani ya bati, wali uliokauka, kipande cha samaki juu yake. Imefunikwa kwa bakuli. Imepangwa kwa adabu, kama ya mgeni.

Sikuiweka mimi. Humu ndani tunaishi wawili, mimi na Mama.

Kuna mavi ya panya kila mahali.

Jumapili, 3 Agosti

Nimemuuliza Mama habari ya sahani. Kasema haijui. Akaniuliza kama ameshaswali Adhuhuri. Nikamwambia ameswali. Akaenda kuswali tena.

Tangu nimtoe kijijini kwetu Marui mwezi wa pili, baada ya kuanguka mara mbili peke yake, yuko hivi. Asubuhi ana akili zote, ananiuliza mpaka habari za wanafunzi wangu. Jioni ananiita kwa jina la mdogo wake. Nimezoea. Nilidhani nimezoea.

Leo nimechora mpango kwenye daftari la hisabati. Chini kabisa, nafasi ya ndoo na gunia la mchele. Juu yake shelfu nne, kila moja sentimita thelathini kwenda ndani. Sufuria kubwa jikoni kwangu ina ishirini na nane. Kopo, chupa, pakiti, vyote vitasimama mstari mmoja, nitaviona vyote nikiwa mlangoni. Hakuna kitu nyuma ya kitu.

Nimefurahi isivyo kawaida. Mtu mzima, nafurahia shelfu.

Jumanne, 5 Agosti

Fundi Salehe amekuja baada ya mimi kutoka shule. Amepima, hakukubaliana na mimi.

"Futi moja ndogo, mwalimu. Weka futi mbili. Stoo ni stoo, vitu vijae."

"Futi moja, fundi."

"Utajuta."

Nilimwambia nitajuta mwenyewe. Akacheka, akaandika futi moja.

Kisha Mama akaja, akasimama mlangoni. Fundi akampa shikamoo, akaitikia. Akauliza shelfu ya kwanza itaanzia wapi. Fundi akaonyesha kwa mkono, usawa wa kiuno. Chini ndoo, akasema.

Mama akasema, "Hapana. Ishushe. Mtoto hafiki."

Fundi akacheka. "Bibi, kwani humu mna mtoto?"

Mama akamtazama kwa muda. Akasema, "Yumo."

Akarudi chumbani kwake taratibu, anashika ukuta. Fundi aliacha kucheka. Alikunja tepu yake haraka kuliko kawaida, akasema mbao zitapatikana wiki ijayo. Alipotoka sikuingia stoo. Nilipika kwa vilivyokuwa mezani.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, hakuna shule. Niliamka kwa sauti ya Mama. Kumepambazuka. Nilidhani anasoma uradi.

Alikuwa stoo. Amekaa sakafuni, miguu ameinyoosha, kanga imemtoka kichwani. Anaongea na shelfu ya chini. Nilisimama jikoni, sikumsogelea.

"Kula taratibu. Chukua mwenyewe. Hakuna anayekukataza."

Halafu akanyamaza kama mtu anayesubiri jibu. Akatikisa kichwa. Akacheka kidogo.

Nywele zilinisimama. Sioni aibu kuandika hivyo, hakuna atakayesoma. Nafundisha hisabati darasa la saba miaka ishirini na moja, na leo nimeogopa stoo ya kwangu mwenyewe saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi.

Nilipomnyanyua alikuwa mwepesi na wa baridi. Nyuma kabisa kulikuwa na sahani nyingine. Viazi na chai kwenye kikombe cha plastiki. Kikombe kidogo, chekundu. Hiki hatuna. Sijui amekitoa wapi.

Baadaye Mama Neema, jirani yangu, kaniambia ni cha mwanawe. Mama alikiomba kwake. Alimwambia ana mtoto.

Jumamosi, 9 Agosti

Panya wanakwaruza mchana kweupe. Au nataka wawe panya.

Nimekwenda sokoni, nimenunua sumu. Nimeichanganya na unga na dagaa, nikaiweka kwenye sahani ndogo, nikaisukuma nyuma ya shelfu ya chini mpaka ikagusa ukuta. Nikamwambia Mama. Nikamwambia mara ya pili. Nikamshika mabega, nikamwambia, "Mama, ile sahani ya stoo ni sumu ya panya, usiiguse." Kasema, "Nimesikia, mwanangu, mimi si kiziwi."

Amesikia. Amerudia mwenyewe: sumu ya panya.

Wiki ijayo mbao zinakuja. Shelfu za kina kirefu zitang'olewa, nyuma itakwisha. Pasipo na nyuma hapafichiki kitu. Nimejiambia hivyo nikiosha mikono. Nimeosha mara tatu.

Jumatatu, 11 Agosti

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali.

Kipindi cha tatu. Simu ya Mama Neema. Huwa hanipigii nikiwa darasani. Nilitoka nje na chaki mkononi. Alikwenda kumjulia hali Mama kama anavyofanya kila siku nikiwa kazini. Akamkuta stoo, sakafuni. Ile sahani ndogo mapajani. Tupu.

Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka bajaji, nakumbuka Mama katikati yetu, ananiuliza tunakwenda harusi ya nani. Mdomoni ana magamba ya dagaa. Mama Neema analia na kusali kwa sauti, kwa dini yake, nami kwa yangu.

Mama Neema alimuuliza, "Bibi, kwa nini umekula?" Mama kamjibu hivi: "Alikuwa ameacha. Nikamalizia."

Wamemuingiza ndani. Wameniuliza sumu gani, nimewapa pakiti. Wameniuliza nani aliiweka.

Mimi.

Mimi ndiye niliyeiweka.

Jumanne, 12 Agosti

Yu hai. Daktari anasema huenda panya walishakula sehemu kubwa, yeye alipata mabaki. Anasema pia sumu ya aina hii haionyeshi madhara siku ya kwanza, inaharibu damu polepole. Watapima damu kila siku. Wanampa dawa. Nisubiri.

Nimekaa naye. Mchana alifungua macho, akanijua. Akanishika kiganja, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama ananikumbusha kuanua nguo:

"Usimwekee kichungu tena, Mwajuma. Kichungu ndicho kilichomuua."

Nikamuuliza, "Nani, Mama?"

Akageukia ukutani.

Nimemuuliza mara nne. Hakugeuka.

Jumatano, 13 Agosti

Nimempigia mama mdogo Tatu, Marui. Ndiye mdogo wa Mama pekee aliyebaki. Nimemweleza yote. Sahani, kikombe, sumu, maneno ya Mama. Nilidhani simu imekatika.

Kisha akasema, "Amemtaja jina?"

"Hapana."

"Njoo. Haya si ya kwenye simu."

Damu ya Mama leo ni nzuri. Kesho wakiridhika, wataniruhusu kumrudisha nyumbani na dawa, tutakuwa tunakwenda kupima.

Alhamisi, 14 Agosti

Amerudi. Nimetoa kila kitu kwenye stoo, nimesugua kwa sabuni na maji ya moto, nimeifunga kwa kufuli. Mama kajaribu mlango mara mbili. Mara ya tatu kakaa chini, kauegemea. Hakulia. Alikaa tu, mkono mmoja juu ya mbao.

Sikuweza kuvumilia. Nimefungua.

Jumamosi, 16 Agosti

Mama Neema kabaki na Mama. Nimekwenda Kisarawe, kisha Masaki ya huko huko wilayani, kisha pikipiki mpaka Marui. Njia nzima vumbi na wabeba mkaa. Nimefika Adhuhuri. Mama mdogo alikuwa amenisubiri uani, amepika bada, ugali wa muhogo, na kisamvu, hakula hata tonge.

Nayaandika kama alivyoniambia. Nisipoandika leo, kesho nitayapunguza makali.

Kabla yangu kulikuwa na mtoto. Mwanahawa. Miaka mitano. Mimi niliyejidhani ndiye niliyemfanya Mama kuwa mama, nimekuja wa pili.

Ulikuwa mwaka wa njaa. Baba alikuwa amekwenda mjini kutafuta kibarua. Mama alikuwa na debe moja la unga wa njano, wa msaada. Aliliweka juu ya uchaga, dari ya miti inayotunzia chakula, akalisukuma nyuma kabisa, akalifunika na mikeka, ili mtoto asichote. Alitaka lifike mpaka mvua za vuli. Alipima kikombe kimoja kwa siku. Hakuzidisha.

Siku moja alikwenda porini kuchimba ndiga, viazi mwitu. Alimwacha Mwanahawa nyumbani. Mtoto alikuwa na njaa. Akaenda shambani, akang'oa muhogo. Muhogo mchungu, ule usioliwa mpaka ulowekwe na kuanikwa. Akaumenya kwa meno, akaula mbichi.

Mama alirudi alasiri. Mwanahawa hakufikisha magharibi.

Nikadhani amemaliza. Hakuwa amemaliza. Mama mdogo alijifuta uso kwa kanga, akasema:

"Kinu tulikikuta chini ya uchaga. Kimegeuzwa. Alipanda juu yake kwanza, alijaribu. Hakufika."

Na debe bado lilikuwa na unga nusu.

Baada ya mavuno watu wakahamishwa kwenda kijiji kipya. Kaburi likabaki kule kwenye mahame, maboma waliyoyaacha. Mama alikataza jina lisitajwe. Baba alikubali. Ndugu walikubali. Miaka mitatu baadaye nikazaliwa mimi.

"Wewe ulikuwa unalishwa mpaka unatapika," mama mdogo kasema. "Ukitapika, anakupakulia tena. Tulikuwa tunamwangalia, hatusemi."

Nakumbuka. Nyumbani kwetu chakula kilikuwa kwenye beseni, chini, sakafuni, bila kifuniko. Kuku walikula, Baba aligomba. Nilidhani Mama ni mchafu. Nilipokuwa msichana nilimwambia hivyo usoni. Mchafu.

Jumapili, 17 Agosti

Nimelala Marui. Asubuhi mama mdogo kanipeleka mahame. Mwendo wa saa nzima kwa mguu, yeye na fimbo yake, mara nyingi tulisimama.

Hakuna kitu. Mikorosho ya watu wengine, kichuguu, nyasi. Nilitegemea jiwe, mti uliopandwa, alama. Mama mdogo alizunguka na fimbo, akasema hapa, kisha akasema hapana, kule. Mwisho alisimama, akashusha mikono. Hajui. Alikuwa binti mdogo wakati ule, na pori limebadilika.

Tumesoma Fatiha tukielekea miti mitatu, kwa kukisia.

Nilikuwa na hasira. Na njaa, na Baba, na ukimya wao wote, na Mama kwa kupima kikombe kimoja. Halafu nikakumbuka sumu niliyoisukuma nyuma mpaka ikagusa ukuta, na mara tatu nilizomwambia, na jinsi nilivyoridhika kwamba nimemwambia. Hasira ikaisha. Ikabaki hofu tu.

Wakati wa kuondoka nilisikia majani makavu yanakanyagwa nyuma yangu. Hatua ndogo, za haraka. Niligeuka. Mama mdogo alikuwa mbele yangu, si nyuma. Hapakuwa na mtu.

Mjusi, labda. Kuku wa porini. Nimeandika nilichosikia.

Jumatano, 20 Agosti

Vipimo vizuri. Daktari kasema tumpe dawa wiki kadhaa, turudi.

Leo asubuhi, wakati akili yake iko safi, nimemwambia nilikwenda Marui. Nikamwambia nimefika mahame. Nikalitaja jina. Sijawahi kuogopa neno kama nilivyoliogopa lile.

Mama aliacha kumenya kitunguu. Hakukasirika. Aliuliza taratibu sana, "Ulimwona?"

"Nimemsomea dua, Mama."

"Alikuwa na kitu cha kula?"

Niliangalia mikono yangu. Nikasema, "Alikuwa nacho."

Akasema alhamdulillahi. Akalia kwa muda mrefu, bila sauti, machozi yakidondoka kwenye kitunguu. Nami nililia. Nimemdanganya mama yangu na sijutii. Nitamjibu Mungu mwenyewe.

Kisha akaniambia kitu ambacho mama mdogo hakijui. Asubuhi ile, kabla hajaenda porini, Mwanahawa alimwomba uji. Alimwambia ngoja jioni.

Basi. Hilo tu. Ngoja jioni.

Jumamosi, 23 Agosti

Fundi Salehe ameleta mbao. Nimempa mchoro mpya. Shelfu tano badala ya nne. Kina chote futi moja, hapo sikubadilisha. Ila ya kwanza inaanza sentimita arobaini kutoka sakafuni. Ndoo na gunia vimehamia kona ya mlango.

Aliangalia mchoro, akaniangalia mimi. Alikata, akapiga, akasugua kingo za shelfu ya chini kwa msasa mpaka zikawa laini kabisa. Kingo za nyingine hakuzisugua hivyo.

Saa tisa alasiri ikawa tayari. Nimepanga mwenyewe. Mchele, sembe, maharage, sukari, chumvi, mafuta, vyote mstari mmoja, vyote vinaonekana. Hakuna sumu nyumba hii, haitaingia tena. Mama Neema kanipa paka wake wa kuazima.

Mama akaja, akasimama. Akainama kwa shida, akapitisha kiganja kwenye shelfu ya chini kutoka mwanzo mpaka mwisho. Niliiacha wazi. Sikuweka kitu.

Akaenda jikoni, akapakua.

Ijumaa, 29 Agosti

Kila asubuhi anaweka sahani. Alasiri naitoa, napeleka kwa kuku wa Mama Neema, naosha, narudisha kabatini. Hatuzungumzi juu yake. Panya hawana cha kufuata tena, wamekwenda.

Kukwaruza kumekwisha, lakini mimi sijaacha kusikiliza. Nikipita mlango wa stoo napunguza mwendo. Nikiingia kuchukua chumvi nasema hodi, moyoni, mara nyingine kwa mdomo. Nikitoka siufungi mlango kwa nguvu.

Jana sahani ilikuwa na tonge moja pungufu. Paka. Nimeandika paka.

Siogopi kama mwanzo. Ni kitu kingine. Watoto wa darasa la awali pale shuleni wana umri ule, leo niliwatazama wakipanga foleni ya uji, vikombe mikononi. Nililazimika kwenda kusimama nyuma ya ofisi.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimempeleka Mama kupima damu kwa mara ya mwisho. Salama kabisa.

Muuguzi alikuwa mpya, binti mpole. Alikuwa anajaza kadi ya Mama upya. Jina, umri, mtaa. Akamuuliza, "Bibi, una watoto wangapi?"

Nilifungua mdomo kumjibia kama ninavyomjibia siku zote. Mama alinitangulia.

"Wawili."

"Huyu hapa, na mwingine?"

"Mwanahawa," Mama akasema. "Yuko Marui."

Muuguzi akaandika wawili. Akanigeukia mimi, akaniomba namba ya simu ya ndugu yangu, ikitokea dharura na mimi sipatikani.

Nikamwambia hana simu.

Akapiga mstari pale, akatupa kadi. Nilimshika Mama mkono, tukatoka nje kwenye jua.